Sifa ya Kikoa na Hatima ya Baruapepe Zitokazo Eldoret

Baruapepe inayotumwa na ofisi iliyo kando ya Barabara ya Uganda jijini Eldoret, kwenda kwa mteja anayeishi Langas katika jiji hilohilo, mara nyingi huamuliwa hatima yake na mashine zilizo nje ya Kenya, kwa sababu mteja huyo kwa kawaida ana anwani ya Gmail, Yahoo au Outlook, na kampuni zinazomiliki huduma hizo ndizo zinazoipima kila barua kabla ya kuiweka katika kikasha chake, kuisukuma kwenye barua taka, au kuikataa ingali mlangoni. Mashine hizo hazina habari kwamba aliyeandika ni chuo, ni zahanati, ni chama cha ushirika cha wafugaji au ni duka la mbolea. Kinachotazamwa ni jina linalofuata alama ya @, yaani kikoa, pamoja na kumbukumbu za mwenendo wa jina hilo kwa wiki na miezi iliyopita. Kumbukumbu hizo zinapojumlishwa ndizo huitwa sifa ya kikoa, nayo ndiyo mada ya mazungumzo haya.

Huenda msikilizaji akaona kwamba jambo hili limepitwa na wakati katika nchi ambayo watu huandikiana kwa WhatsApp na kulipana kwa M-Pesa. Ukweli ni kwamba mawasiliano yanayobeba wajibu wa kisheria, ya masomo na ya fedha, bado yanapita katika baruapepe, na Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, ni mahali ambapo taasisi zinazotegemea mawasiliano hayo zimesongamana. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina bewa lake kuu Kesses. Chuo Kikuu cha Eldoret kilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, uliochipuka mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuzaa mpango wa afya wa AMPATH mwaka 2001. Mtafiti anayesubiri kibali cha kamati ya maadili, mwanafunzi anayengoja barua ya kuitwa chuoni, mfanyabiashara aliyewasilisha zabuni kaunti, wote hutegemea barua itakayofika mahali itakapoonekana. Hata riadha, fahari ya eneo hili, haiko nje ya jambo hili. Mwanariadha aliye katika kundi la upimaji wa dawa zilizopigwa marufuku hulazimika kueleza mapema mahali atakapopatikana, na akikosea mara 3 ndani ya miezi 12 anaweza kufungiwa hadi miaka 2. Vikumbusho na taarifa za makosa hayo huweza kuletwa kwa baruapepe. Barua ya namna hiyo ikilala katika taka kwa wiki 3, anayeumia ni aliyeandikiwa.

Chanzo cha matatizo yote haya ni kwamba mfumo wa baruapepe uliundwa na watu waliofahamiana. Itifaki inayoongoza usafirishaji wa baruapepe, yaani SMTP, ilichapishwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na nyingi zikiwa katika vyuo na maabara za utafiti, na kwa hiyo haikuwa na njia yoyote ya kuthibitisha kwamba jina lililoandikwa kama la mtumaji ni lake kweli. Yeyote aliweza, na kwa itifaki hiyo peke yake bado anaweza, kuandika jina la mwingine. Dalili ya hatari ilikuwa imeonekana mapema, kwa kuwa tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alikuwa amewatumia watu mia kadhaa tangazo ambalo hawakuliomba. Intaneti ilipofunguliwa kwa biashara katika miaka ya 1990, matangazo kama hayo yaligeuka mafuriko.

Kinga ya kwanza ilielekezwa kwenye anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha seva iliyounganishwa na intaneti. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake walianza kuchapisha orodha ya namba zilizojulikana kutoa barua taka, na mwaka uliofuata Steve Linford alianzisha mradi wa Spamhaus, ambao orodha zake bado zinatumiwa na watoa huduma wengi duniani. Njia hiyo ilikuwa na kasoro iliyowaumiza zaidi watumaji wadogo. Biashara ndogo ya Eldoret inayonunua huduma ya bei nafuu ya kuhifadhi tovuti na baruapepe huwekwa kwenye seva moja na mamia ya wateja wengine, wote wakitumia namba moja ya IP, hivyo mmoja wao akituma barua za ulaghai, namba nzima huingizwa katika orodha nyeusi, na ankara halali ya muuzaji wa pembejeo hukataliwa kwa kosa la jirani asiyemjua.

Ndiyo maana mizani ikaanza kuhamia kwenye kikoa. Namba ya IP hubadilika mtumaji anapohama kampuni ya kuhifadhi tovuti, na mlaghai anaweza kuitupa na kukodi nyingine saa hiyohiyo, lakini jina la taasisi hudumu nayo popote iendapo, likibeba mema na mabaya yake. Hata hivyo, mwenendo hauwezi kuhesabiwa kwa jina ambalo kila mtu anaweza kuliiba, na kwa sababu hiyo ilibidi kwanza zipatikane njia za kuthibitisha umiliki.

Njia ya kwanza ni SPF, iliyochapishwa kama pendekezo la kiufundi mwaka 2006 na kurekebishwa mwaka 2014. Mwenye kikoa huweka rekodi fupi katika mfumo wa majina ya vikoa, ambao ni daftari la hadhara linalosomwa na seva zote, akitaja ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake. Ya pili ni DKIM ya mwaka 2007, ambayo hutia kila barua sahihi ya kidijitali iliyotengenezwa kwa ufunguo wa siri unaokaa kwa mtumaji, huku ufunguo wa kuihakiki ukiwa umewekwa hadharani katika daftari lilelile, ili mpokeaji ajue kwamba barua imetoka kwa mwenye kikoa na kwamba haikuchezewa njiani. Ya tatu, DMARC, ilitangazwa mwaka 2012, nayo huziunganisha mbili za kwanza kwa kudai kwamba jina linaloonekana machoni pa msomaji liafikiane na jina lililothibitishwa, kisha humpa mwenye kikoa nafasi ya kuamuru barua isiyoafikiana ifanywe nini: ipite tu huku ikiripotiwa, iwekwe katika taka, au ikataliwe kabisa. DMARC pia huleta ripoti za bure zinazoonyesha ni nani duniani anatuma barua kwa jina la taasisi, na taasisi nyingi hushangaa zinapozisoma kwa mara ya kwanza, kwa sababu hukuta mifumo yao wenyewe iliyosahaulika, kama vile wa karo, wa maktaba au wa maombi ya kazi, pamoja na watu wasiojulikana kabisa.

Hapa pana kosa la kufikiri ambalo ni kubwa kuliko mengine yote katika suala hili. Wengi huamini kwamba rekodi hizo 3 zikishawekwa sawasawa, barua zitafika. Rekodi hizo hufanya kazi ya barua ya chifu: zinathibitisha kwamba aliyeibeba ndiye anayejitambulisha, lakini mwenye duka hakopeshi kwa barua ya chifu, hukopesha kwa kutazama jinsi mtu huyo alivyolipa madeni yake ya nyuma. Mlaghai naye anaweza kusajili kikoa, akaweka SPF, DKIM na DMARC bila dosari, na walaghai wengi hufanya hivyo. Uthibitisho hufungua ukurasa wa kumbukumbu. Yatakayoandikwa katika ukurasa huo yanatokana na matendo ya watu waliopokea barua.

Matendo hayo ni ya aina nyingi. Mpokeaji anapoifungua barua, anapoijibu, au anapoitoa katika taka na kuirudisha kwenye kikasha, anaandika jema. Anapobonyeza kitufe cha kuiripoti kuwa taka, anaandika baya lenye uzito mkubwa kupita mema mengi. Kwa miaka mingi Google ilikuwa ikiwaonyesha wenye vikoa daraja la sifa yao katika ngazi 4, kuanzia ya juu hadi mbaya, na mnamo Februari 2024 yenyewe pamoja na Yahoo ziligeuza ushauri wa zamani kuwa sharti. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye akaunti binafsi za Gmail sharti awe na uthibitisho wote wa aina 3, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja katika barua za matangazo na kulitimiza ombi hilo ndani ya siku 2, na ahakikishe kwamba malalamiko hayafikii asilimia 0.3 ya barua zake, huku akihimizwa kubaki chini ya asilimia 0.1. Kikoa kikifikia idadi hiyo hata mara moja, Google hukihesabu kuwa cha mtumaji mkubwa daima. Microsoft ilifuata mwaka 2025 kwa masharti ya uthibitisho yanayofanana na hayo.

Takwimu hizo zinafaa kutafsiriwa katika maisha ya taasisi ya kawaida. Chuo kinachowaandikia waombaji 5,000 kwa siku moja hufika kwenye ukomo huo iwapo watu 15 tu wataiona barua kuwa kero na kuiripoti, na mtumaji mwangalifu anapaswa kuhakikisha kwamba wanaolalamika ni chini ya watu 5. Barua zinazotoka katika vikoa vidogo vilivyo chini ya jina kuu, mathalani cha idara ya udahili na cha idara ya wahitimu, hujumlishwa pamoja katika hesabu ya 5,000, kwa hiyo hakuna idara inayoweza kudai kwamba barua zake ni chache na hazihusiki.

Sifa huharibika kwa njia ambazo wakuu wa taasisi mara chache huzifikiria. Iliyo wazi zaidi ni kununua orodha za anwani, tabia inayopigwa vita na sheria na maarifa kwa pamoja: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazuia matumizi ya taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake, na orodha zinazouzwa huwa zimejaa anwani zilizokufa pamoja na mitego, yaani anwani ambazo hazina mwenyewe na ambazo wapambanaji wa taka wameziacha makusudi ili kumnasa anayeandika bila kuombwa. Njia nyingine ni uzembe wa kutunza orodha halali. Taasisi iliyokusanya anwani za wateja kwa miaka 10, isiyoondoa hata moja, inaendelea kuandikia anwani ambazo hazipo, na kila barua inayorudishwa kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba mtumaji hawajui anaowaandikia.

Iliyo mbaya zaidi kwa vyuo ni akaunti iliyotekwa. Mhadhiri au mwanafunzi hupokea ujumbe wa kumtaka athibitishe nenosiri lake kwa sababu kikasha chake kimejaa, anaandika nenosiri hilo katika ukurasa wa kughushi, na usiku huohuo akaunti yake hutumiwa kutoa maelfu ya barua za ulaghai zilizothibitishwa kikamilifu kwa SPF na DKIM za chuo, kwa kuwa kweli zimetoka katika seva za chuo. Kufikia asubuhi, kikoa ambacho kimejengewa heshima kwa miaka mingi kimeshushwa daraja, na barua ya profesa kwenda kwa mhariri wa jarida la kitaalamu, au ya daktari kwenda kwa mwenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana, inaangukia katika taka bila yeyote kati yao kujulishwa. Kupanda tena huchukua wiki, wakati mwingine miezi, kwa sababu hakuna ofisi ya kuomba radhi. Kuna tu mwenendo mwema unaohesabiwa upya siku baada ya siku. Kwa sababu hiyo uthibitisho wa hatua mbili kwa kila akaunti, pamoja na ukomo wa idadi ya barua ambazo akaunti moja inaweza kutuma kwa saa, ni ulinzi wa sifa ya taasisi nzima, na wakuu wa vyuo wanaouahirisha kwa hofu ya kuwasumbua wahadhiri wanapima hasara vibaya.

Sifa haikai kwenye kikoa kimoja peke yake, hukaa pia kwenye mwisho wa jina ambao kikoa hicho hushiriki na vingine. Afrika ina mfano wa kusikitisha. Kwa miaka mingi majina yanayoishia kwa .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta yaliendeshwa na kampuni ya Freenom ya Uholanzi, iliyoyagawa bure kwa yeyote, na matapeli wa dunia nzima wakayakimbilia hadi vichujio vingi vikawa vinashuku kila barua yenye miisho hiyo, hata ya mwananchi mwaminifu wa Bamako au Libreville. Kampuni ya Meta iliishtaki Freenom, usajili mpya ukasimama mwaka 2023, na mwaka huohuo Gabon na Mali zikarejesha usimamizi wa majina yao nyumbani.

Kenya ilipita njia nyingine. Mwisho wa .ke ulikabidhiwa mwaka 1993, ukisimamiwa kwa kujitolea na Randy Bush aliyekuwa Marekani kwa upande wa ufundi na Dkt. Shem Ochuodho kwa upande wa utawala, hadi mwishoni mwa mwaka 2002 ulipohamishiwa kwa KENIC, kituo cha Kenya cha kusimamia majina hayo. Majina ya .ac.ke ya vyuo, .sc.ke ya shule na .go.ke ya serikali hayatolewi bila hati za kuthibitisha kwamba anayeomba anastahili, na utaratibu huo, ambao waombaji wengine huulalamikia kwa urefu wake, ni hazina ambayo Gabon na Mali zililazimika kuitafuta baada ya hasara. Taasisi ya Eldoret yenye jina la namna hiyo inaanza ikiwa imesimama mahali pazuri.

Pamoja na hayo, taasisi, shule na biashara nyingi nchini bado hutangaza anwani za Gmail au Yahoo kama anwani zao rasmi, na sababu zao zinaeleweka: ni za bure, hazihitaji fundi, na barua zake hufika. Kufika huko ni kwa sifa ya kuazima. Anayechukua anwani ya Gmail na kuitumia ndani ya programu nyingine ya kutuma matangazo kwa wingi hujikuta akikataliwa, kwa kuwa Google hairuhusu jina lake litumiwe na seva zisizo zake. Zaidi ya hilo, shule inayojitambulisha kwa anwani ya bure haiwapi wazazi njia yoyote ya kutofautisha barua yake na ya tapeli aliyefungua anwani inayofanana nayo kwa herufi moja pungufu, na wazazi wanaotumiwa maelekezo ya kulipa karo wanastahili ulinzi bora kuliko huo.

Kuna jambo la haki hapa lisilopaswa kunyamaziwa. Waamuzi wa suala hili ni kampuni chache za Marekani, kanuni zao kamili ni siri kwa kuwa zikifichuliwa walaghai watazikwepa, na mtumaji mdogo hana pa kukata rufaa. Kikoa kipya hakina historia, na kwa mashine kutokuwa na historia ni karibu sawa na kushukiwa, kwa sababu matapeli husajili majina leo na kuyatumia kesho. Kikoa kinachotuma barua 20 kwa wiki kina ushahidi mdogo mno wa kukitetea. Ushirika wa maziwa wa Moiben unabeba mzigo uleule wa uthibitisho unaobebwa na benki, ukiwa hauna fundi hata mmoja. Pengo hilo lingeweza kupunguzwa na walio karibu: kampuni za Kenya zinazouza vikoa zingeweza kuweka SPF, DKIM na DMARC kwa kila mteja siku ya usajili badala ya kumwachia kazi asiyoijua, na vyuo vya Eldoret vinavyofundisha teknolojia ya habari vingeweza kuwatuma wanafunzi wao katika shule na vyama vya ushirika vya kaunti kufanya kazi hiyo, inayohitaji saa chache na isiyohitaji mtambo wowote.

Kwa mwenye kikoa asiyeweza kungoja, mpangilio wa kazi ni huu: aanze kwa kuorodhesha mifumo yote inayotuma barua kwa jina lake, aweke SPF na DKIM kwa kila mmoja, aanzishe DMARC katika hali ya kuripoti tu na asome ripoti hizo kwa wiki kadhaa kabla ya kuamuru barua za kughushi zikataliwe, kwa kuwa anayeharakisha amri hiyo huishia kuzizuia barua zake mwenyewe. Atenganishe barua za matangazo na za lazima kwa kutumia vikoa vidogo tofauti, aongeze idadi ya barua polepole iwapo kikoa ni kipya, afute anwani zilizokufa, na amwachie huru mara moja kila anayetaka kuondoka. Na wakuu wa taasisi za Uasin Gishu, kaunti lilimo jiji la Eldoret, ambao bajeti zao za mwaka zina fungu la mlango, la mlinzi na la bango la barabarani, wanaombwa wamtaje kwa cheo mtu mmoja atakayewajibika kwa kikoa, atakayezisoma ripoti zake kila wiki na kuhakikisha kwamba ada yake inalipwa kabla ya muda kwisha, kwa sababu kikoa kilichoachwa kikaisha muda kinaweza kununuliwa na mtu mwingine baadaye, pamoja na sifa yake yote.